Kirefu Hakishikwi Ncha Mbili

 

Leo naanza na sauti niliyoisikia kwenye uwanja wa fundi baiskeli mmoja, mtu mzima, hapa Isikizya, Tabora. Alikuwa amepata chuma cha mviringo, laini, unene wa milimita 10, urefu wa mita mbili. Ncha moja akaibana kwenye drili, ncha ya pili akaipitisha kwenye beringi aliyoifunga juu ya benchi. Akabonyeza drili polepole. Chuma kikazunguka kimya, kama hakipo. Akaongeza kasi kidogo. Kikaanza kuimba. Akaongeza tena, na hapo katikati ya chuma kukatoka tumbo. Kile kilichokuwa mstari kikawa kama kamba ya watoto ya kuruka, kikapiga benchi, pa, pa, pa, na sisi sote tukarudi nyuma. Mzee akaachia drili.

Hakusema kitu. Akachukua kipande cha mpingo alichokitoboa tundu, akakipitisha kwenye chuma, akakifunga katikati ya benchi kwa bolti mbili. Drili ikawashwa mara ya pili. Kasi ileile, kisha zaidi ya ile. Kimya. Chuma kikazunguka kama maji ya mtungi yaliyotulia.

Ndipo akanigeukia akaniambia, "Mwanangu, kitu kirefu hakishikwi ncha mbili tu."

Msikilizaji, neno hilo ndilo mazungumzo yetu ya leo. Chuma kile kilikuwa shafti. Shafti ya boti isiyo na injini, boti ya kukanyaga kwa pedeli kama baiskeli. Miguu inazungusha cheni, cheni inazungusha shafti, shafti inazungusha rafadha majini, ile ambayo mafundi wengi wanaiita propela, na boti inakwenda. Wengi tukiiona boti ya namna hiyo macho hukimbilia rafadha, kwa sababu ndiyo inayochapa maji, au hukimbilia pedeli, kwa sababu ndipo penye jasho. Chuma kilicholala kati ya hivyo viwili hakuna anayekitazama. Nami nataka tukitazame hicho, kwa sababu wahenga walikwisha kusema kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ya chombo hiki ni shafti.

Najua kuna anayeuliza: habari za boti na Isikizya wapi na wapi? Sisi tuko katikati ya nchi kavu, kwenye miombo, tumbaku, asali na karanga. Ziwa Victoria liko mbali kaskazini, Tanganyika iko mbali magharibi. Boti inatuhusu nini?

Inatuhusu tangu zamani. Nchi hii ya Unyamwezi imepitisha boti juu ya mabega ya watu. Mwaka 1874 msafiri Henry Stanley alitoka pwani na boti ya mbao iitwayo Lady Alice, urefu wake futi 40, iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande vya kuungwa. Vipande vilipofika Unguja vikaonekana vizito na vipana mno kwa njia nyembamba ya misafara, vikakatwa upya vikawa vidogo zaidi. Wapagazi wakavibeba kwa mzegazega, ncha hii ya mti begani kwa mtu mmoja, ncha ile begani kwa mwingine, hadi Ziwa Victoria, ambako boti iliungwa na kuzungushwa ziwa zima mwaka 1875. Mwaka 1876 ikabebwa tena kupitia magharibi ya Unyamwezi hadi Ujiji, ikazunguka Ziwa Tanganyika. Haikuwa na mashine yoyote. Nchi kavu ilikwenda kwa mabega, majini ilikwenda kwa makasia na tanga. Nguvu zilikuwa za watu mwanzo hadi mwisho.

Halafu ikaja ile tunayoijua wote, Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma Februari 1914. Kwa hiyo meli nzima, pamoja na shafti zake mbili na rafadha zake mbili, ilipita hapa petu juu ya behewa. Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915. Mwaka uliofuata, Wajerumani walipoona vita vimewaelemea, waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 wakakuta mashine bado zinafaa, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kumbuka hiyo grisi, msikilizaji. Fundi anayeheshimu chuma kinachozunguka hakiachi kikavu hata siku anayokizamisha.

Na maji tunayo. Tuna Bwawa la Igombe, tuna mto Ugalla, tuna mabonde ya Malagarasi yanayofurika masika yakawa kama bahari ya majani. Wavuvi wetu wa huko wanatumia mitumbwi, mingine ya magome ya miombo, gome lilelile linalotengeneza mzinga wa nyuki. Wanakwenda kwa kafi na pondo. Ni kazi ya mikono na mgongo kutwa nzima. Injini ya petroli ni ghali kuinunua na ghali zaidi kuilisha. Tena katika bwawa ambalo watu wanakunywa maji yake, kila tone la petroli na oili linalodondoka ni jambo la kufikiria. Baiskeli, kwa upande mwingine, kila nyumba inaijua. Tabora inaendeshwa na baiskeli. Gunia la mkaa, madumu ya asali, mgonjwa, bibi harusi, vyote vimepanda keria. Fundi anayeweza kuifungua na kuifunga baiskeli gizani yuko kila kijiji. Ndiyo maana nasema jambo hili ni letu.

Sasa tukae na hicho chuma.

Swali la kwanza ambalo kila mtu anauliza ni hili: shafti iwe nene kiasi gani? Na jibu ambalo karibu kila mtu analitoa ni hili: nene, ili isivunjike. Hata mimi nilidhani hivyo. Siku ya kwanza nilimpelekea yule mzee nondo ya milimita 16 niliyoipata kwenye mabaki ya ujenzi, nikijivuna kwamba nimeleta chuma cha maana. Akaipima kwa mkono, akairudisha chini.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mtu mzima mwenye afya, akikanyaga pedeli kwa muda mrefu bila kuchoka sana, anatoa nguvu ya kama wati 100. Ni ile ile ya balbu moja ya zamani iliyokuwa ikiwashwa sebuleni. Injini ndogo ya boti ya nguvu za farasi tano inatoa zaidi ya wati 3,700, yaani watu 37 wakikanyaga kwa pamoja. Shafti ya injini hiyo ina haki ya kuwa nene. Yetu inapitisha nguvu ya balbu moja.

Tena nguvu hiyo ikienda kwa kasi, msokoto wake unapungua. Kwenye pedeli mguu unazunguka mara 60 kwa dakika, na pale msokoto ni mkubwa. Ndiyo maana krenki ya baiskeli ni chuma kigumu. Lakini tukiongeza kasi hadi mizunguko 300 kwa dakika, msokoto unagawanyika kwa tano. Unabaki sawa na kutundika kilo moja ya sukari kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 33. Hebu shika spana hiyo kwa mawazo. Je, chuma cha milimita 10 kitasokotwa kikatike kwa kilo moja ya sukari? Hakitakatika. Hata ukisimama juu ya pedeli kwa uzito wako wote, hata rafadha ikigonga kisiki, bado kina akiba.

Kwa nini mizunguko 300 na siyo 60? Kwa sababu ya rafadha. Mtu ana nguvu ndogo, na mwenye nguvu ndogo hapaswi kuitumia kurusha maji machache kwa hasira, bali kusukuma maji mengi kwa upole. Kwa hiyo rafadha ya boti ya miguu huwa kubwa na nyembamba, mabapa mawili tu, upana wa sentimita 35 hadi 45 kutoka ncha hadi ncha, inayozunguka mara 250 hadi 350 kwa dakika. Haifanani kabisa na ile fupi nene ya injini. Anayefunga propela ya injini kwenye pedeli atakanyaga mpaka magoti yamuume na boti itabaki inatikisika pale pale.

Kasi hiyo tunaipata kwa cheni, na hesabu yake ni ya meno. Chukua gia kubwa ya mbele ya baiskeli yenye meno 48, na ndogo ya nyuma yenye meno 18. Miguu ikizunguka mara 60, gia ndogo inazunguka mara 160. Ongeza hatua ya pili, meno 36 kwenda 20, unafika 288. Hapo tumefika. Mahali fulani katikati lazima mzunguko ugeuke, maana ekseli ya pedeli inalala kwa upana wa boti, na shafti inalala kwa urefu wake. Wapo wanaogeuza kwa kuisokota cheni robo mzunguko, na cheni inakubali ikiwa umbali kati ya gia mbili ni mrefu wa kutosha. Wapo wanaochukua kichwa cha grainda iliyoungua mota, kwa sababu ndani yake mna gia mbili zinazokutana kwa pembe mraba, zimekatwa vizuri kiwandani na zinalala ndani ya grisi. Hicho kichwa cha grainda, ambacho kwa muuza chuma chakavu ni takataka, kwa mjenzi wa boti ni lulu. Ila kikitumika, kihesabiwe nacho kwenye meno, kwa sababu chenyewe pia kinabadili kasi.

Sasa ndiyo turudi kwenye tumbo.

Hakuna chuma kilichonyooka kabisa. Hata kile kinachoonekana kimenyooka kina kombo ndogo isiyoonekana, na uzito wake wenyewe unakivuta chini katikati. Kikizunguka taratibu, kombo hiyo haina neno. Lakini kila chuma kina kasi yake ambayo kikiifikia, kila mzunguko unaongeza kombo ya mzunguko uliopita. Kombo inakuwa tumbo, tumbo linakuwa mjeledi. Kwa chuma cha milimita 10, urefu wa mita mbili, kilichoshikwa ncha mbili, kasi hiyo mbaya ni kama mizunguko 300 kwa dakika.

Msikilizaji, umeona mtego? Ni kasi ileile tunayoitaka. Yaani mtu anaweza kuhesabu kila kitu sawasawa, akachagua rafadha nzuri, akafunga cheni vizuri, kisha boti ikaanza kwenda na shafti ikampiga miguuni. Atasema chuma kilikuwa chembamba. Atanunua kinene.

Na kinene kitasaidia, sikatai. Ukitoka milimita 10 ukaenda 16, kasi ya hatari inapanda mara 1.6, inafika kama 480. Lakini uzito umepanda zaidi ya mara mbili na nusu, kutoka kilo moja na robo hadi kilo tatu na zaidi, na uzito huo unazungushwa na miguu ya mtu. Sasa fanya alivyofanya yule mzee. Acha chuma chako chembamba, weka mhimili mmoja katikati. Urefu usioshikwa unakuwa mita moja badala ya mbili, na kasi ya hatari haipandi mara mbili, inapanda mara nne. Inafika karibu 1,200. Miguu ya binadamu haitaifikia kamwe. Na gharama yake ni beringi moja, au kipande cha mpingo.

Niliporudi nyumbani siku ile niliandika kwenye daftari: kunenepesha kunalipa kidogo kwa uzito mwingi, kushikilia kunalipa sana kwa uzito kidogo. Tangu hapo sijaona haja ya kuibadilisha sentensi hiyo.

Lakini mhimili wa katikati una sharti lake. Ukikaa kombo, ni afadhali usingekuwepo. Beringi tatu lazima ziwe kwenye mstari mmoja. Zisipokuwa, chuma kinalazimishwa kujikunja kila kinapozunguka, na miguu yako inalipa kodi hiyo kila mzunguko, mara 300 kwa dakika, kutwa nzima. Utahisi boti nzito na hutajua kwa nini.

Nilimwona mzee akizipanga. Hakutumia chombo chochote cha ghali. Alichukua mshipi wa kuvulia samaki, akaupitisha katikati ya tundu la beringi ya kwanza hadi ya mwisho, akautundikia jiwe mpaka ukakaza kama uzi wa gitaa. Kisha akaileta beringi ya katikati, akawa anaisogeza, anaweka kibanzi cha bati chini yake, anakitoa, anaweka chembamba zaidi, mpaka mshipi ukapita katikati kabisa ya tundu bila kugusa upande wowote. Alichukua karibu saa nzima kwa beringi moja. Halafu akaipitisha shafti na kuizungusha kwa kidole kimoja. Ikazunguka, ikaendelea kuzunguka baada ya kidole kuondoka. Hicho ndicho kipimo. Shafti inayosimama mara tu unapoiachia, irudishe kwenye mshipi.

Chuma chenyewe alikinyoosha kwanza. Alikiviringisha juu ya kipande cha kioo cha dirisha, akawa anachungulia upenyo wa mwanga chini yake. Palipoonyesha mwanga akapagonga kidogo kwa nyundo ya mbao, akakiviringisha tena. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nondo yangu ilirudishwa chini. Nondo ina mbavu ili ishike zege, imezaliwa isisogee. Ukitaka iingie kwenye beringi lazima uipeleke kwenye mashine ya kukerezea, na ikishakerezwa imepungua unene, na fedha imekwenda.

Kuna kazi ya pili ya shafti ambayo wajenzi wengi wanaisahau, nami nawaomba mafundi wanaonisikia waitilie maanani. Shafti haizunguki tu, inasukuma. Rafadha inayasukuma maji nyuma, na maji yanaisukuma rafadha mbele. Rafadha inaisukuma shafti, na shafti inatafuta pa kusukuma. Boti ikienda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, msukumo huo ni kama kilo tano. Ni kidogo, lakini haukomi. Boti nzima, na mvuvi wake, na nyavu zake, na samaki wake, inasukumwa na ile ncha moja ya chuma. Usipoweka kitu cha kuupokea, shafti itaingia ndani kidogo kidogo, itaisukuma gia, gia itaacha mstari, cheni itaruka. Watu watalaumu cheni.

Habari njema ni kwamba baiskeli tayari inalo jibu. Habu ya gurudumu, na koni zake, na gololi zake, imetengenezwa kupokea msukumo wa pembeni. Mzee alikata habu ya mbele ya baiskeli iliyokufa, akaichomelea kwenye fremu ya boti kuelekea omo, na ncha ya shafti ikaegemea pale. Akajaza grisi, akafunika kwa kipande cha tyubu maji yasiingie. Gololi chache zile ndizo zinazobeba safari yote.

Tuje kwenye maji. Shafti itatoka wapi kwenda majini? Njia moja ni kutoboa tundu nyuma ya boti na kuweka bomba, kisha kuzuia maji kwa kamba iliyolowekwa mafuta na kukazwa ndani ya kasha. Meli kubwa zina namna hiyo ya kuzuia. Lakini kwa mtumbwi wetu mimi nasimama na njia ya pili: shafti ipite juu ya ukingo wa tezi na kuteremka majini kwa mshazari. Hakuna tundu chini ya maji, hakuna cha kuvuja. Na kwetu ambako magugu yanasonga bwawa, mvuvi anainua shafti na rafadha yake kwa mkono, anatoa majani, anairudisha. Asiyetoboa boti yake analala usingizi.

Ile beringi ya mwisho, iliyo karibu na rafadha, hiyo inaishi majini, na beringi ya chuma yenye gololi haidumu hapo. Kutu itaila. Hapa kuna kisa kinachonifurahisha sana. Katikati ya karne ya 19, meli za mvuke zilipoanza kutumia rafadha, mihimili ya shaba pale nyuma ilikuwa inasagika upesi mpaka meli zinavuja. Aliyepata dawa ni mhandisi John Penn wa Greenwich, Uingereza. Aliweka vipande vya mbao. Mti wenyewe unaitwa lignum vitae, unaota Karibi na Amerika ya Kati, mgumu, mzito hadi unazama majini, na wenye mafuta yake ya asili. Maji yenyewe yakawa ndiyo grisi. Kwa zaidi ya miaka mia moja, meli kubwa za dunia zilizungusha shafti zake ndani ya mbao.

Sasa niambie, msikilizaji wa Tabora, sisi tuna mti gani mgumu, mzito hadi unazama majini, unaokerezwa ukang'aa kama pembe? Tunao mpingo. Ulaya wanautengenezea zumari za thamani. Sisi tunaukata vinyago na wakati mwingine tunauchoma mkaa. Kile kipande nilichokiona katikati ya benchi mzee alikuwa amekichemsha kwenye mafuta kisha akakiacha kipoe humo humo. Aliniambia cha majini atakitengeneza vivyo hivyo, na kikisagika atakata kingine. Hakuna cha kuagiza kutoka nje.

Wapo watakaosema boti ya pedeli ni mchezo wa watoto. Mwaka 1994 Waingereza wawili, Jason Lewis na Steve Smith, walitoka Ureno ndani ya boti ndogo ya pedeli iitwayo Moksha, wakaivuka Atlantiki nzima hadi Marekani kwa siku 111, wakipokezana kukanyaga usiku na mchana. Ile ilikuwa shafti moja na miguu ya watu wawili. Mwaka 1991, kwenye mto Charles huko Marekani, profesa Mark Drela wa MIT aliendesha chombo kiitwacho Decavitator kwa miguu yake mwenyewe, kikafika fundo 18.5, karibu kilomita 34 kwa saa. Hatuhitaji kasi hiyo kuteremsha nyavu Igombe. Nakitaja ili ujue kwamba miguu ya binadamu haijadharauliwa na waliosoma.

Na kwa kuwa tunazungumza maji, nisiseme mengi bila kusema hili. Rafadha ni kisu. Ifungiwe kizuizi, na mtu asiingie majini karibu nayo wakati mwenzake yuko kwenye pedeli. Shafti na cheni zifunikwe, kwa sababu khanga na shuka havijui hesabu ya meno. Kila aliyemo awe na jaketi la kuokolea, hata anayejua kuogelea. Na chombo kinachobeba watu kionyeshwe kwa wenye dhamana, maana TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, wapo kwa ajili hiyo. Nchi iliyoomboleza kuzama kwa meli ya MV Bukoba mwaka 1996 haina sababu ya kudharau maji.

Msikilizaji wangu, nimefikiria sana lile neno la mzee. Kirefu hakishikwi ncha mbili. Kisha nikatazama barabara.

Njia ya zamani ya misafara ilikuwa na ncha mbili zinazojulikana dunia nzima, Bagamoyo na Ujiji. Vitabu vimeandika sana habari za ncha hizo, huku jahazi na pembe, kule ziwa na mitumbwi. Lakini kutoka Bagamoyo hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800, miezi miwili au mitatu kwa miguu, kila mpagazi na mzigo wa kama kilo 30. Hakuna msafara ambao ungeweza kushikwa ncha mbili tu. Ungepinda, ungetoka tumbo, ungekatika. Kilichoushika ni Unyanyembe, ni Tabora, ni Kwihara. Hapa watu walipumzika, wakala, wakatibiwa, mizigo ikapangwa upya, wapagazi waliochoka wakapokewa na wengine, na njia zikagawanyika, moja Ujiji, moja Karagwe na Buganda, moja kusini. Sisi tulikuwa mhimili wa katikati. Hausifiwi kwa sababu ukifanya kazi vizuri hausikiki.

Ndiyo maana naiona kazi hii ya shafti kama ya nyumbani kwetu. Ombi langu ni dogo. Walimu wa chuo cha ufundi cha VETA hapa Tabora na wenzetu wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapeni vijana zoezi hili: chuma cha milimita 10, mita mbili, habu moja ya baiskeli iliyokufa, kipande cha mpingo na mshipi wa kuvulia. Waanze kukizungusha bila mhimili, wasikie kinavyopiga. Kisha waweke mhimili, wasikie kimya. Watakuwa wamejifunza nguvu, kasi, uzito na subira kwa asubuhi moja, na mwisho wa mwaka kuna mvuvi mmoja wa Igombe ambaye mgongo wake utapumzika.

Mzee wangu bado anaijenga. Jana nilipita uwanjani kwake. Boti haijafika majini, imelala juu ya magogo mawili chini ya mwembe, nusu mtumbwi nusu baiskeli. Aliniambia, "Kanyaga, mwanangu." Nikapanda, nikakanyaga. Nyuma yangu shafti ikazunguka mita mbili nzima hadi kwenye rafadha, na upepo wa rafadha ukapeperusha majani makavu ya mwembe. Nilisikiliza kwa makini. Nilisikia cheni, nikasikia friwili, nikasikia pumzi yangu. Shafti sikuisikia.